Maksi Nne za Sefu Kombora

Mjukuu wangu Edna aliwasahihisha waimbaji kama mwalimu anavyosahihisha madaftari. Alikuwa na kaunta buku lake, na kila wimbo mpya uliopigwa redioni aliuandika humo: jina la mwimbaji, maneno ya kiitikio, halafu chini yake maksi kati ya kumi na sababu zake. Maneno kwa kalamu ya bluu, maksi kwa nyekundu. Kumi hakuwahi kumpa mtu.

"Kumi ni ya Mungu, Bibi," alisema. "Na hata yeye sijamsikia akiimba."

Angekuwa mzima ningemtandika kibao cha mdomo kwa neno hilo. Lakini hakuwa mzima. Moyo wake ulikuwa na mlango usiofunga vizuri, ndivyo madaktari wa Peramiho walivyonieleza kwa kunichorea kwenye karatasi. Walisema dawa za kumpunguzia maji mwilini zipo, ila kuutengeneza mlango wenyewe ni kazi ya mbali, nje ya nchi, na waliotangulia kwenye orodha walikuwa wengi. Mama yake, binti yangu Agape, alifariki akaniachia mtoto huyu akiwa na miaka sita. Basi alikuwa wangu. Alipofika kidato cha pili akashindwa kupanda kilima cha shuleni, akabaki nyumbani kwangu Ruhuwiko, ameegemea mito mitatu, maana akilala chali pumzi ilikuwa inamkatika.

Huo ulikuwa mwaka elfu mbili na moja. Redio za watu binafsi zilikuwa zimeota kila mahali, na hata sisi Songea tulikuwa tumepata ya kwetu. Mjomba wake, mwanangu Bartholomeo anayefundisha Mbinga, akamletea redio ya betri, na vijana wa Dar wanaoimba kama wanasema, wanasema kama wanaimba, wakaingia chumbani kwangu bila hodi.

"Huyu naye anagombana na nani?" nilimuuliza siku moja.

"Hagombani, Bibi. Ndivyo wanavyoimba."

"Basi mwambie ameze mate kwanza."

"Mke mwenzangu, wewe umezoea wale wa bendi, wanaorudia 'mpenzi nakupenda' robo saa nzima mpaka mpenzi mwenyewe analala."

Mke mwenzangu, ndivyo alivyoniita, kwa kuwa kwetu bibi na mjukuu wanataniana, na kwa utani huo babu yake marehemu alikuwa mume wetu sote wawili. Nami nilimjibu kwamba mume alinipenda zaidi kwa sababu nilijua kupika, yeye alijua kusikiliza redio tu.

Mimi ni mtu wa vitendawili, na vingine natunga mwenyewe. Betri zilipochoka nilizianika juani juu ya ungo zipate nguvu ya siku mbili tatu zaidi, nikamwambia, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina mgeni, namlisha vidonge vinne. Akishiba anaimba, akiwa na njaa anakohoa."

"Redio! Rahisi mno. Haya, changu. Kitendawili!"

"Tega."

"Mchana kutwa anaingia na kutoka. Siku akitoka asirudi, nyumba imekwisha."

Nililijua jibu. Sikutaka litoke mdomoni mwangu.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Peramiho."

"Peramiho nimekwenda mpaka nimechoka. Nipe mwingine."

"Haya, nakupa Dar es Salaam."

"Hapo sawa." Akafumba macho. "Nilikwenda Dar es Salaam, wakanipokea watu wa studio, wakaniweka kwenye kiti kirefu, waimbaji wote wakapanga foleni niwasahihishe. Jibu lake ni pumzi, Bibi."

Kila Jumamosi saa nne asubuhi redio yetu ya mjini ilikuwa na kipindi cha nyimbo mpya. Wasikilizaji waliandika barua kutoa maoni yao, na iliyopendeza ilisomwa hewani, jina na mtaa vikitajwa. Edna alitaka barua yake isomwe kuliko alivyotaka kula. Alipeleka tatu, hazikusomwa. Mwezi wa tisa vidole vyake vikavimba, kalamu ikawa inamponyoka. Ndipo akaniambia, "Bibi, mkono wako nauomba. Nitakuwa nasema, wewe unaandika."

Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini masista walionifundisha walikuwa wakali kwa mwandiko. Herufi zangu zinasimama. Nikakaa kwenye kigoda na kuchukua karatasi.

"Andika: Kuhusu wimbo mpya wa Sefu Kombora."

Nikaweka kalamu chini. "Sefu yupi? Huyu wetu?"

"Huyo huyo."

Sefu Kombora ni mtoto wa Subira, jirani yangu. Nyua zetu zilikuwa zinatenganishwa na uzio wa matete tu. Subira alihamia kutoka Nakapanya na biashara yake ya korosho na samaki wakavu. Mimi ni Mkristo, yeye ni Mwislamu, na katika miaka kumi na miwili hatukuwahi kulala na neno. Mwanawe alikuwa amekwenda Dar akapata kurekodi, na wimbo wake ulikuwa umefika mpaka kwetu. Ulikuwa wimbo mtamu. Mimi niliupenda tangu siku ya kwanza. Subira akiufungulia uani kwake, nami huku nikipepeta mchele niliitikia kiitikio, naye huniita, "Mama Batho, vuka uje uucheze huku, acha kuiba kwa mbali!" Na kila asubuhi ya Mungu, kabla hajaenda sokoni, alimletea Edna kikombe cha uji wa ulezi.

Basi Edna akaanza kusema, akipumzika kila baada ya maneno machache. Hakumtukana Sefu. Ila alimsahihisha. Na mwisho akampa maksi nne.

"Nne! Mtoto wa Subira?"

"Simpi Subira, nampa Sefu. Subira ningempa tisa kwa uji."

"Mpe hata saba, mjukuu wangu."

"Bibi, andika."

Nikaandika. Lakini sikuandika alichosema. Ninyi mnaosoma mtanihukumu mnavyotaka. Kwetu mgonjwa halindwi kwa dawa tu, analindwa pia na vinywa vya watu. Mgonjwa asiwe na neno na mtu yeyote, asije mtu akamnung'unikia moyoni, maana akizidiwa kesho watu wataanza kuulizana alimkosea nani. Mgonjwa wangu angetajwa mji mzima kuwa amemdharau mtoto wa jirani anayemlisha uji! Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba Sefu Kombora ni fahari ya Songea, sauti yake ni tamu kama asali ya Tunduru, na kwamba mimi Edna wa Ruhuwiko nampa kumi kwa kumi. Nikaibandika bahasha kabla hajaomba kuisoma, na jioni ile ile nikaipeleka.

Jumamosi saa nne tulikuwa wote wawili chumbani. Mtangazaji, kijana anayeitwa Dennis, akasema, "Barua ya leo imetoka kwa Edna wa Ruhuwiko."

Edna alinishika mkono. Alinikamata kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Halafu Dennis akaanza kusoma, na vidole vile nikavihisi vikilegea kimoja kimoja.

Alipofika kwenye kumi kwa kumi, uani kwa Subira palilipuka vigelegele. Subira alivuka uzio mbio, kanga moja begani nyingine mkononi, akaingia bila kuvua viatu.

"Mama Batho, shikamoo! Umesikia? Edna mwanangu, umeniheshimisha! Soko zima watasikia leo! Kumi kwa kumi! Nitampelekea salamu Sefu, nitamwambia dada yako anakufuatilia. Sema unataka kula nini leo. Kuku?"

"Asante, mama Sefu," Edna akasema. "Sijisikii kula."

Subira alipotoka, Edna aliizima redio. Kipindi kilikuwa hakijaisha.

"Hayo si maneno yangu."

"Mjukuu wangu, nilifikiri..."

"Umenisemesha uongo kwa jina langu."

"Nilikuwa nakulinda na watu."

"Watu gani, Bibi?" Hakupaza sauti, hakuwa nayo ya kupaza. "Shule siendi. Kanisani siendi. Hata bombani kuchota maji siendi. Wenzangu wanaolewa, wanafaulu, wanafeli, mimi nipo kwenye mito. Nimebaki na masikio, na kile ninachokiona kwa masikio yangu. Hicho tu ndicho changu. Umekichukua, umeweka chako."

Nililia. Yeye hakulia, alikuwa anaitunza pumzi. Siku hiyo hakuniita mke mwenzangu, wala Jumapili yake. Nilimtegea vitendawili viwili, akaniambia, "Nakupa mji," bila hata kujaribu.

Jumatatu asubuhi nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikasema, "Edna, sema tena. Safari hii naandika kama utakavyosema."

Alinitazama sana. "Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno. Naandika kwenye kaunta buku kwanza, usome mwenyewe, ndipo nihamishie kwenye karatasi."

Ilituchukua asubuhi nzima. Alisoma mstari kwa mstari akifuata kwa kidole chake kilichovimba. Mahali pamoja nilikuwa nimeandika "hajapendeza sana" badala ya "hajapendeza." Akanionyesha lile "sana," nikalikata. Mwishoni akachukua kalamu akaweka sahihi mwenyewe, imepinda kama njia ya ng'ombe. Akasema, "Sasa nenda, mke mwenzangu." Nilitoka mle chumbani nikiwa mwepesi kama msichana.

Jumanne nilimkuta Dennis ofisini kwao. Alisimama akaniamkia vizuri, akaisoma barua palepale.

"Lakini Bibi, Jumamosi si alimsifu?"

"Aliyemsifu ni mimi. Mwenyewe ndiye huyu."

Akaisoma mara ya pili, polepole. "Anaandika vizuri huyu. Jumamosi nitaisoma."

Nikamwambia Edna. Akauliza siku zilizobaki, nikamhesabia kwa vidole. Nne.

Alhamisi asubuhi nilikuwa napasha moto uji aliouleta Subira. Niliisikia redio ikiimba, nikamwita kupitia mlangoni kumuuliza kama nichanganye na maziwa. Hakujibu. Nikadhani anasikiliza. Nilipoingia na kikombe, mwimbaji alikuwa bado anaendelea na yeye alikuwa ameshamaliza.

Bartholomeo alifika kutoka Mbinga jioni. Kama ilivyo kawaida, akaandika tangazo la kifo na kulipeleka redioni, ndugu wa Peramiho na wa Tunduru wapate habari. Maziko yakapangwa Jumamosi saa tisa. Nilikaa chini kwenye mkeka na wanawake wenzangu, kichwa kimefunikwa. Redio ya Edna ilifungiwa kabatini, kwa kuwa nyumba yenye msiba haipigi muziki. Subira ndiye aliyeshika jiko. Alipika, akaosha vyombo, akawakaribisha wageni, akalala chini pamoja nasi. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu.

Jumamosi saa nne nilihesabu. Nilijua sasa barua inasomwa, mahali fulani, kwenye redio za watu wengine. Nilijifunika kanga nikaomba angalau mtu mmoja awe anasikiliza vizuri.

Saa tano akaja Daudi, kinyozi wa pale barabarani. Akapiga magoti mlangoni. "Shikamoo Bibi, pole sana. Pale kwangu tumesikia redioni. Yule mtangazaji ametoa rambirambi. Akasema alikuwa na barua mpya ya marehemu lakini imemwia vigumu kumsemesha maneno makali mtu ambaye hajazikwa. Badala yake akarudia ile ya wiki iliyopita. Ile nzuri, ya kumi kwa kumi. Wateja wangu wamelia."

Wanawake wakaitikia, "Ooo, jamani." Subira akanikumbatia. "Umeona, Mama Batho? Amekwenda na jina zuri."

Kijana wa watu alitenda kwa huruma. Simlaumu, kwa maana nami ndivyo nilivyotenda. Lakini nilikaa pale nimekumbatiwa, nikajiona nimemwua Edna mara ya pili.

Saa nane jeneza likatolewa uani. Katekista Beda akaongoza sala, kisha akamwita Bartholomeo asome historia ya marehemu. Mwanangu alisimama na karatasi yake. Akasoma: alizaliwa mwaka themanini na nne, akabatizwa, akasoma shule ya msingi, akajiunga na sekondari, akaanza kuugua. Mambo yale yale yanayosomwa kwa kila mtu. Halafu akasema, "Marehemu alipenda sana muziki. Maneno yake ya mwisho kwa wasikilizaji ninayo hapa, nimeyanakili kutoka redioni. Alisema kwamba Sefu Kombora ni fahari..."

"Hapana," nikasema.

Mfiwa haachi mkeka. Bibi wa watu hatoki ndani akaenda kusimama upande wa wanaume, kando ya jeneza, kichwa wazi. Lakini nilikuwa nimeshafika. Sikumbuki nilivyopita. Kaunta buku nililitoa chini ya mto wake asubuhi ile nikalifunga kiunoni, hata sikujua kwa nini.

"Mama, kaa chini," Bartholomeo akaninong'oneza. "Umechoka."

"Sijachoka. Hayo unayoyasoma ni yangu. Nimeyaandika mimi, nikaweka jina lake. Ya kwake haya hapa."

Beda akasema, "Bibi, hapa si mahali pa mambo ya miziki."

"Bwana katekista, mtoto huyu hakuwa na mambo mengine. Niache nimalize, kisha tumzike."

Nikasoma. Naandika hapa kama nilivyosoma siku ile, kwa kuwa daftari bado ninalo.

"Kuhusu wimbo mpya wa Sefu Kombora. Huyu ni jirani yangu, kwa hiyo naijua sauti yake kabla haijawa ya redio. Nimemsikia akiimba kaswida, nimemsikia akiimba peke yake akibangua korosho za mama yake. Ana sauti ya mtu anayekaribia kucheka huku ana huzuni. Watu wenye sauti hiyo ni wachache. Katika wimbo huu ameificha. Anaimba habari za magari na ufukwe, na anavuta maneno kama watu ambao hajawahi kuishi nao. Hajapendeza. Shamimu Asali wa Dar hana sauti kubwa kama yake, na akipanda juu inakatika. Lakini ikikatika haoni haya, anaiacha ikatike, tunamsikia anavyovuta pumzi, halafu anaendelea. Mimi ni mgonjwa wa moyo, pumzi naijua. Mwimbaji anayenificha pumzi yake simwamini. Sefu nampa nne. Sita zilizobaki sijamnyima, namwekea. Aje azichukue siku atakayoimba kwa sauti ya uani kwao. Edna, Ruhuwiko."

Hakuna aliyeitikia amina, maana haikuwa sala. Nyuma kabisa walikuwepo wasichana waliosoma naye. Mmoja akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyemsikia anayemjua, halafu akaangua kilio, na wenzake wote wakamfuata. Bartholomeo akaikunja karatasi yake.

Nikamtafuta Subira kwa macho. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni, ameshika mwiko. Hakunitazama mimi. Alilitazama jeneza. Akageuka akaingia ndani.

Tulimzika. Tuliporudi, chakula kilikuwa tayari, kimepikwa vizuri, kimepakuliwa kwa kila mtu. Subira aliosha masufuria yote, akayafudikiza juani, akaichukua kanga yake. Nilimfuata mpaka kwenye uzio.

"Mama Sefu."

"Nimekusikia, Mama Batho."

"Alimpenda Sefu. Hukusikia? Hakuna aliyemsikiliza Sefu kama yeye."

"Nimesikia alichosema. Ningekisikia chumbani kwake, tukiwa watatu, ningecheka. Umenisomea mbele ya Songea nzima, mwiko wa msiba wako ukiwa mkononi mwangu."

"Nilikuwa na deni kwake."

"Na kwangu je?"

Akavuka.

Sasa ni mwaka wa pili. Tunaamkiana, anasema shikamoo, naitika marahaba. Sefu alikuja likizo ya mwezi wa kumi na mbili, akapita kunipa pole peke yake, bila mama yake. Aliniomba daftari, akausoma ukurasa ule akiwa amesimama, akanirudishia, akasema, "Nashukuru, Bibi." Uso wake sikuweza kuusoma.

Wimbo wake bado unapigwa. Mimi, niseme kweli, bado naupenda. Edna alisikia alichosikia, na masikio yangu ni haya haya ya kwangu. Subira akiufungulia upande wa pili wa matete, naacha kupepeta nikasikiliza. Mara ya kwanza baada ya msiba kiitikio kilinitoka chenyewe, kwa mazoea. Nikasikia vidole vyake kwenye redio, sauti ikapungua, ikapungua, mpaka kwangu ikawa haifiki.

Siku hizi unapopigwa nabana midomo, ili asiuzime.